Kuunganisha nyumba kwenye mtandao wa majitaka Dar es Salaam, na taratibu za kufuata pale ambapo bomba halijafika

Mtu anayejenga, anayenunua au anayekarabati nyumba Dar es Salaam huuliza mapema maji safi yatamfikiaje, lakini suala la maji yatakayotoka huachwa hadi siku fundi anapotaka kuonyeshwa mahali pa kuchimba shimo. Kufikia hapo mara nyingi msingi umeshamwagwa zege, choo kimewekwa upande ulio chini kuliko bomba la barabarani, na kurekebisha kumekuwa ghali kuliko kufuata taratibu tangu mwanzo. Mwongozo huu unaeleza hatua hizo kwa mwenye nyumba ya kuishi na kwa mwenye biashara ndogo, ukianzia na jambo linalowachanganya wengi, yaani ofisi ipi inasimamia nini.

Bomba la majitaka lililo barabarani ni mali ya mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam na sehemu ya Mkoa wa Pwani ni DAWASA, na msingi wa mamlaka hiyo ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019. Kwa hiyo ruhusa ya kuunganisha, masharti ya kinachoweza kuingia bombani na ankara ya kila mwezi vinatoka huko, ingawa bei zenyewe huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kibali cha ujenzi, ambacho ndani yake mchoro wa mfumo wa majitaka unapaswa kuwemo, hutolewa na halmashauri. Halmashauri hiyo hiyo, kupitia afisa afya wa kata, ndiyo inayomfuatilia mtu anayetiririsha maji machafu mtaani, ikitumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 pamoja na sheria ndogo inazojitungia. Halmashauri ya Jiji, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila moja ina sheria ndogo zake, na ndiyo maana kiwango cha faini alichotajiwa jirani yako wa upande wa pili wa barabara kinaweza kuwa tofauti na chako. Omba nakala ya sheria ndogo ya usafi wa mazingira katika ofisi ya mtendaji wa kata au kwenye kitengo cha sheria cha halmashauri. Ni nyaraka ya umma, na mtu hapaswi kukisia yaliyomo.

Ofisi nyingine mbili zinamhusu mwenye nyumba wa kawaida kwa nadra. Bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa sehemu kubwa ya eneo hili ni Bonde la Wami/Ruvu, hutoa kibali cha kutiririsha majitaka kwa anayetaka kuyamwaga mtoni au ardhini kwa kiwango kikubwa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. NEMC, baraza la taifa la mazingira, nalo huingia kwenye miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kama vile viwanda, hoteli na majengo makubwa.

Kuthibitisha kwamba bomba lipo, na kwamba liko chini vya kutosha

Mtandao wa majitaka wa Dar es Salaam umefika sehemu ndogo ya jiji. Upo katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na baadhi ya maeneo mengine, na kila kipande kina mahali pake pa kumalizia: majitaka ya katikati ya jiji kwa miaka mingi yameelekezwa baharini kwa bomba, na ya maeneo mengine huenda kwenye mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Vingunguti na Lugalo. Kuona mfuniko wa chuma barabarani hakuthibitishi lolote, kwa sababu chini yake panaweza kuwa na nyaya za simu au mfereji wa maji ya mvua. Nenda kwenye ofisi ya mkoa wa kihuduma wa DAWASA iliyo karibu na kiwanja ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, kisha uombe mafundi waje kupima.

Wanapokuja, swali lenye uzito kuliko yote ni kina cha sakafu ya chemba ya barabarani, kwa kuwa majitaka husafiri kwa mteremko tu. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka takriban sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na la inchi 6 takriban sentimita 1 kwa kila 60. Chukua nyumba ambayo choo chake kiko mita 20 kutoka chemba ya barabarani. Kwa bomba la inchi 4 mteremko peke yake utakula sentimita 50, na ukiongeza sentimita 45 za kulifukia bomba mwanzoni ili lisivunjwe na magari au majembe, bomba litafika barabarani likiwa karibu mita moja chini ya usawa wa ardhi. Iwapo uwanja uko tambarare na sakafu ya chemba ya umma iko sentimita 80 tu, maji hayatakwenda, na hakuna fundi atakayeyalazimisha. Ufumbuzi ni kusogeza vyoo, kuinua sakafu ya nyumba, au kununua pampu ambayo itategemea umeme, na mawili ya kwanza yanawezekana kirahisi wakati nyumba ingali kwenye karatasi.

Maombi na malipo

Fomu ya maombi hujazwa na mwenye nyumba au mtu aliyempa idhini kwa maandishi. Andaa kitambulisho, uthibitisho wa umiliki, namba ya akaunti ya maji kama ipo, na mchoro unaoonyesha vyoo, mabafu, jiko na njia ya bomba hadi mpakani. Baada ya upimaji utapewa makadirio ya gharama, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo wengi huiita kontroo namba. Usimpe fundi pesa ya maunganisho mkononi hata akiwa amevaa fulana ya mamlaka, kwa sababu muunganisho usio na stakabadhi ni muunganisho haramu mbele ya sheria, na anayewajibika ni mwenye nyumba. Ikiwa bomba lako litakata barabara, uliza nani ataomba kibali cha kuichimba kutoka TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, au, kwa barabara kuu, TANROADS, na nani atairudishia lami. Jambo hilo lisipoandikwa kwenye makadirio, huwa chanzo cha ugomvi.

Kwa wateja waliounganishwa, ada ya majitaka hukokotolewa kwa kufuata kiasi cha maji kilichosomwa kwenye mita. Mwenye kisima binafsi aulize mapema atatozwaje, maana maji ya kisimani nayo yakishatumika huingia kwenye bomba hilo hilo.

Kazi ndani ya kiwanja

Sehemu ya ndani ya mpaka ni jukumu lako, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Weka chemba kila bomba linapopinda, kila mabomba mawili yanapokutana, na kila linapobadilika ukubwa, kwa sababu mahali pasipo na chemba hapazibuliki bila kuvunja sakafu. Sakafu ya chemba isiachwe bapa. Ijengewe mfereji wa nusu duara unaoendeleza bomba, pande zake zikiinamia katikati, la sivyo kinyesi kitakaa pembeni na kukauka. Juu ya bomba la choo kuwe na bomba la kupumulia lililopanda kupita paa, kwa kuwa bila hilo kila mtu akivuta maji ya choo, hewa itanyonya maji yaliyomo kwenye koo za masinki, ambayo ndiyo kizuizi cha harufu, na harufu itaingia ndani. Mteremko upimwe kwa mpira wa maji tangu chemba ya kwanza hadi ya mwisho. Jicho la fundi, hata mzoefu, halitoshi kwa mteremko mdogo namna hii.

Kisha, kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini wa bomba, lijaze maji, liache kwa muda na uangalie kama kina kinashuka. Huu ndio wakati wa kumwita mkaguzi wa mamlaka. Kwa maoni yangu hakuna hatua inayopuuzwa zaidi ya hii, wala inayolipa zaidi, maana kiungo kinachovuja kikishafukiwa kitaonekana tena siku ukuta utakapoanza kuota ukungu au mizizi ya mwarobaini itakapokuwa imejaa bombani.

Karo la zamani, yaani tangi la septiki lililotumika kabla ya kuunganishwa na bomba, lisiachwe tupu chini ya uwanja. Linyonywe, liwekewe chokaa, lijazwe mchanga au kifusi na kushindiliwa, kwani zege lililolifunika huliwa taratibu na gesi kwa upande wa chini na siku moja huporomoka.

Maji ya mvua hayaruhusiwi kabisa kuingia kwenye bomba la majitaka, na majitaka hayaruhusiwi kuingia kwenye mtaro wa mvua. Watu wengi huona katazo la kwanza kama usumbufu, kwa hiyo linastahili maelezo. Paa la meta za mraba 150 likinyeshewa milimita 50, kama siku ya mvua kubwa ya masika, humwaga lita 7,500 katika muda mfupi, wakati bomba la mtaa limepangiwa maji ya kuoga na kufulia ya nyumba chache. Mabati ya nyumba kadhaa yakielekezwa humo, chemba za chini ya mtaa hufumuka, na anayeingiliwa na kinyesi sebuleni ni yule anayeishi bondeni, wala si aliyeunganisha. Upande wa pili, mtaro wa mvua haupiti kwenye bwawa lolote la kutibu majitaka. Unaishia Mto Msimbazi, mito mingine ya jiji au pwani, na kinachoingia humo hufika huko kama kilivyo.

Visivyotakiwa kuingia bombani, na sababu zake

Orodha ya makatazo inafahamika: pampasi, taulo za kike, vitambaa, mchanga wa kusugulia masufuria, maganda, mafuta ya kupikia, oili chafu ya gari, petroli, tindikali, dawa za wadudu, damu na manyoya ya kuchinjia. Vitu visivyoyeyuka huziba bomba, na mafuta ya kupikia hufanya kazi hiyo taratibu zaidi, yakiganda ukutani mwa bomba hadi nafasi ya inchi 4 inabaki ya kupitisha kidole.

Katazo la oili na kemikali linahusu mbali zaidi ya bomba. Bwawa la kutibu majitaka halina mtambo. Linategemea bakteria wanaokula uchafu, pamoja na miani ya kijani inayotumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni ambayo bakteria wa tabaka la juu wanaihitaji. Utando mwembamba wa oili juu ya maji huzuia mwanga na hewa kwa pamoja, na tindikali au sumu huua bakteria wenyewe. Bwawa likishakufa linanuka, na maji yanayotoka upande wa pili hayafikii viwango vya kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007, ambazo zinataka maji yanayotiririshwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita za oksijeni inayohitajiwa na bakteria kwa siku tano, miligramu 60 za ile inayohitajiwa kikemikali, na uchachu wake (pH) uwe kati ya 6.5 na 8.5. Mwenye gereji anayemwaga lita chache za oili jioni haoni uhusiano huo, lakini mamlaka inauona kwenye vipimo vyake.

Hapa ndipo biashara zinapowekewa masharti ya ziada. Mgahawa, hata wa mama lishe mwenye jiko la kudumu, unapaswa kuwa na mtego wa mafuta kati ya sinki na chemba: kisanduku cha zege chenye ukuta wa katikati ulioachiwa uwazi chini, ili maji yapoe, mafuta yaelee upande wa kwanza na maji yapite chini. Mtego usiokombwa ni sawa na kutokuwa nao. Kwa mgahawa unaokaanga chipsi kutwa, ukombe kila wiki, mafuta uyafunge kwenye ndoo au mfuko na kuyapeleka kwenye taka ngumu, wala usiyamwagie maji ya moto, kwani yatayeyuka hapo na kuganda mita kumi mbele. Sehemu ya kuoshea magari inahitaji kwanza shimo la kutuamisha mchanga, kisha mtego wa oili. Kiwanda, maabara, hospitali na dobi kubwa vinapaswa kupata ridhaa ya maandishi ya mamlaka kabla ya kumwaga tone la kwanza, na ridhaa hiyo hutaja kiasi, joto na aina ya majitaka, vipimo vitakavyochukuliwa na mahali mkaguzi atakapochukulia sampuli. Jenga chemba ya sampuli karibu na mpaka mahali ambapo mkaguzi anaweza kuifikia. Anayeificha nyuma ya ghala hujitengenezea mashaka bure.

Pale ambapo bomba halijafika

Wakazi wengi wa jiji wako katika kundi hili, na kwao kibali cha ujenzi hutegemea mchoro wa karo la septiki na shimo la kunyonya. Karo lisilovuja, lenye vyumba viwili, cha kwanza kikiwa takriban theluthi mbili ya urefu wote, ndilo linalofanya kazi. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7, na yote mawili yamalizikie kwa kiungo cha T kinachozama ndani ya maji, ili povu la juu lisitoke pamoja na maji. Shimo la kunyonya liwe mbali na kisima chochote, chako na cha jirani, na umbali unaotumiwa na wataalamu wengi ni mita 30 au zaidi, huku kitako chake kikiwa angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa, hivyo mwenye kiwanja kando ya mto asitarajie kibali kwa kutegemea shimo lililochimbwa ukingoni.

Kipimo cha udongo kifanyike mwishoni mwa masika. Shimo linalonyonya vizuri Septemba huko Msasani au Kigamboni linaweza kuwa limejaa maji ya ardhini yenyewe mwezi Mei, na hapo karo halina pa kumwagia. Kwenye viwanja vya namna hiyo ni busara kujenga karo kubwa la kunyonywa mara kwa mara na kukubali gharama hiyo wazi. Mahali ambapo nyumba zimebanana, kama Vingunguti, au ardhi ni mawe matupu, kama kwenye vilima vya Mwanza, suluhisho lililofanya kazi ni mtandao mwepesi wa mabomba madogo yanayopita uani kwa kina kifupi, ambao hauwezekani bila majirani kuandikiana ridhaa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kunyonya hufanywa na gari lililosajiliwa ambalo hupeleka mzigo kwenye mabwawa au mtambo wa kuchakata topekinyesi. Piga simu kabla karo halijafurika, yaani tope likifika karibu theluthi ya kina, na umdai dereva stakabadhi ya mahali alipomwaga, kwa sababu mzigo uliomwagwa kichakani ni wako na wake. Njia mbili nyingine zinazojulikana mitaani zimekatazwa, na kwa sababu nzito. Ya kwanza ni kutapisha choo mvua ikinyesha, ambako tope huachiwa liende na mafuriko; kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 na kuenea mikoani hupitia maji ya namna hiyo. Ya pili ni kuwatumia vyura, yaani vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo bila vifaa. Gesi ya humo hunuka yai viza ikiwa kidogo, na ikizidi huua uwezo wa kunusa kwanza, kwa hiyo anayedhani harufu imepungua ndiye aliye hatarini zaidi. Vivyo hivyo, usiingie wala usimruhusu mtu aingie kwenye chemba ya umma kuzibua. Vijiti vya kuzibulia hutumiwa kutoka juu.

Chemba ikifurika

Fungua kwanza chemba yako ya mwisho iliyo karibu na mpaka. Ikiwa kavu, kizibo kiko ndani ya nyumba yako na ni kazi ya fundi wako. Ikiwa imejaa, bomba la mtaa ndilo lililoziba, na hapo mpigie mtoa huduma, uombe namba ya taarifa na uiandike pamoja na saa. Majitaka yakiendelea kutiririka, andika barua fupi yenye namba ya akaunti, namba ya taarifa, tarehe na mahali chemba ilipo, upeleke ofisi ya mkoa wa kihuduma na nakala kwa afisa afya wa kata, kisha upigiwe muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. EWURA hupokea malalamiko baada ya mtoa huduma kupewa nafasi ya kuyashughulikia, na nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba nafasi hiyo ilitolewa. Ikiwa maji yameingia ndani, piga picha za kila chumba kabla ya kudeki, hifadhi stakabadhi za usafi na za vitu vilivyoharibika, na uziambatishe zote na barua.